Choo Tulishawaambia

Agosti 2019 karani wa sensa alibisha kwetu. Mko wangapi? Maji mnatoa wapi? Choo ni cha aina gani? Tukajibu yote, na Kenya ikapata hesabu yake: watu 47,564,296.

Tangu hapo wanakuja watafiti wa vyuo, na maswali ni yale yale. Tasnifu inalala kwa rafu ya chuo, afisa wa kaunti anapanga bajeti bila kuisoma. Mtafiti naye akiomba takwimu ghafi za serikali, ni njoo kesho, leta barua, mkubwa hayuko.

Eti ni siri za wananchi. Sawa, futeni majina na namba za simu. Lakini familia ngapi zinatumia choo kimoja si siri, harufu ilishatangaza.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu ombi. Hiyo si hisani, ni deni.

Nanyi watafiti, rudisheni mlichochota. Kabla ya kutuma mwingine aniulize choo, someni nilivyojibu.