Wafula, Wekesa na Nanjala: Majina ya wenzako ni darasa tosha

Fungua grupu lenu la WhatsApp la kidato cha nne uangalie majina yaliyomo. Yupo Wafula, ambaye kwa Wabukusu ni mtoto wa msimu wa mvua. Yupo Wekesa, wa msimu wa mavuno. Simiyu ni wa kiangazi. Nanjala alizaliwa wakati wa njaa, ghala likiwa tupu na mahindi mapya bado yako shambani. Okoth na Akoth walizaliwa mvua ikinyesha, sawa na Kiprop na Cherop kwa Wakalenjin, na Wambua kwa Wakamba.

Miaka minne mliitwa majina hayo kila asubuhi. Huenda hakuna mwalimu aliyewahi kuwaambia kwamba rejista ile ilikuwa kalenda ya misimu ya Kenya nzima.

Ndiyo maana leo tunataka kuongea nawe kuhusu masomo ya nyumbani, hasa kwenye familia yenye watoto wengi. Usiseme hayakuhusu. Kama wewe ni kifungua mimba, tayari wewe ni mwalimu, hata kama hulipwi. Kama una mtoto, au unapanga kuwa naye siku moja, basi mada hii ni yako kabisa.

Unakumbuka Machi 2020? Shule zilifungwa ghafla kwa sababu ya corona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Kwenye keja nyingi mtaani hesabu ilikuwa hivi: watoto watano, simu moja, bando la siku moja. Wa Gredi ya 4 anataka hesabu, wa darasa la nane anataka sayansi, wa chekechea anataka katuni. Aliyeshika simu alisoma, wengine wakabaki kuvutana. Tulijaribu kuhamisha shule nzima, na ratiba zake zote, hadi kwenye sebule moja. Haikufanya kazi.

Wapo wazazi humu nchini wanaofunza watoto wao nyumbani mwaka baada ya mwaka. Wenye watoto wengi hujifunza mapema kwamba mtu mmoja hawezi kuendesha madarasa matano kwa wakati mmoja. Wanachofanya ni kuchukua jambo moja, kuliweka mezani, kisha kila mtoto analichukua kwa kadiri ya umri wake. Na hakuna jambo linalofaa kazi hiyo kama msimu uliopo nje ya dirisha.

Chukua kumbikumbi. Mvua ikishanyesha, utawaona wamejaa chini ya taa za barabarani hata hapa Nairobi. Wa miaka minne ahesabu mabawa: kila mmoja ana manne, je, kumi wana mangapi? Wa miaka tisa atafute kwa nini wanatoka mvua inaponyesha na kwa nini wanaangusha mabawa. Atagundua kwamba wanatoka kichuguuni kutafuta wenza na kuanzisha makao mapya. Wa miaka 13 ampigie shosh ushago, aulize wanategwa vipi, wanakaangwa vipi na wanaitwaje kwa lugha ya nyumbani, kisha aandike insha. Aliye shule ya upili aende sokoni aulize bei ya mkebe mmoja, apige hesabu ya faida ya mchuuzi. Hapo umefunza hesabu, sayansi, lugha na biashara, na hujanunua kitabu hata kimoja.

Au chukua kalenda ya Pwani, ambayo ni shule kamili. Kila mwaka Ramadhani hufika mapema kuliko mwaka uliotangulia. Kwa nini? Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355, karibu siku 11 pungufu ya huu wa Januari hadi Desemba. Mpe mdogo wako wa Gredi ya 6 kalamu na umwambie aendelee kupunguza hizo 11. Atafika 2030 na kushangaa kwamba Ramadhani itaanza mara mbili ndani ya mwaka huo mmoja, Januari na tena Desemba.

Kisha muulize: kama miezi inazunguka hivyo, mkulima wa Kiswahili alijuaje wakati wa kupanda? Wazee walikuwa na hesabu nyingine, ya jua. Walianza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, wakahesabu siku kumi kumi zinazoitwa miongo. Miongo 36 ni siku 360, ongeza tano, mwaka umekamilika. Kwa hesabu hiyo walijua masika, kipupwe, vuli na kaskazi. Mvuvi naye alirudi kwenye mwezi kujua bamvua na maji mafu. Watu walikuwa na kalenda mbili kichwani, na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni hisabati ngumu. Makunduchi, Zanzibar, bado wanausherehekea Mwaka Kogwa kila Julai.

Msimamo wetu ni huu: mafunzo haya yana nafasi katika kila nyumba, iwe watoto wanaenda shule au la. Mtaala wa umilisi, CBC, wenyewe unamtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mtoto. Shida ni kwamba wengi wetu tulizaliwa Umoja, Kisauni au Kondele, na ya ushago tunayajua kwa kusikia tu. Tusipouliza sasa, tutakuwa wazazi ambao wanajua challenge zote za TikTok lakini hawajui mtoto wao Nekesa ameitwa hivyo kwa nini.

Lakini tusidanganyane. Kuna mambo matatu lazima uyajue kabla hujamwambia mathe awatoe wadogo wako shuleni.

La kwanza ni sheria. Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na anayekosa kufanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wapo wazazi wanaofunza nyumbani ambao wamewahi kufikishwa kortini. Tunaamini serikali inafaa kuweka kanuni wazi kwa familia zinazofanya kazi hii kwa dhati. Hadi hapo, usimwingize mzazi wako kwenye kesi kwa sababu ya video uliyotazama.

La pili ni dada mkubwa. Kwenye nyumba yenye watoto saba, ukisema "tutafunza nyumbani", mara nyingi maana yake ni kwamba msichana wa kwanza ndiye atakayefunza. Anapika, anafua, anasimamia hesabu za wadogo, halafu anaulizwa mbona yake yamemlemea. Huo si utamaduni, ni dhuluma. Kama wewe ni kaka katika nyumba hiyo, kumbikumbi hawachagui mwalimu. Chukua zamu yako. Baba naye achukue yake.

La tatu ni utamaduni wenyewe. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini si kila kilichorithiwa kinafaa kurithishwa. Likizo ya Agosti na ya Desemba zina sherehe tamu, na pia ndizo nyakati ambazo baadhi ya wasichana hupelekwa kukeketwa kwa siri. Sheria ya 2011 imepiga marufuku ukeketaji, na kile Kifungu cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya mila zenye madhara. Kumfunza mtoto utamaduni ni pamoja na kumwambia wazi: hili tunalibeba, lile tumeliacha, na sababu ni hizi.

Kwa hivyo tunakuomba ufanye jambo dogo. Likizo ijayo, kabla hamjagawana nani analala wapi kule ushago, wakusanye wadogo wako na binamu zako. Mpe kila mmoja swali moja la kumuuliza guka au shosh: alizaliwa msimu gani, nani alimpa jina lake, walijuaje kwamba mvua imekaribia, walikula nini wakati wa njaa. Mdogo achore, wa kati aandike, mkubwa arekodi kwa simu. Jioni kila mtu asimulie alichopata, huku chai ikipita.

Kama nauli ya ushago ni ngoma mwaka huu, piga simu. Lile bando la siku moja lililotushinda kugawana 2020 linatosha kabisa kwa kazi hii. Wazee hawa hawatatungoja milele.