Pini ya chipu si swichi ya ukutani

Likizo imenikuta nyumbani Kwa Sadala, ndizi zipo, umeme leo upo, na laptopu ina LTspice ndani, kwa hiyo nina muda wa kubishana. Leo nabishana na wale wanaochora mikrokontrola kwenye simulesheni kama chanzo safi cha volti: sifuri, tano, sifuri, tano, basi. Mradi ukigoma mbele ya wasimamizi, eti chipu ya Kariakoo ilikuwa feki!

Jamani, kwenye kila pini ya kutoa kuna bafa. Transista moja inavuta juu, nyingine inavuta chini, na zote zina ukinzani. Chukua ATmega328P, ile ya Arduino Uno ambayo nusu ya darasa inayo. Datashiti inasema wazi: kwa volti 5, ukivuta miliampia 20, pini iliyo juu inaruhusiwa kushuka hadi 4.2 na iliyo chini kupanda hadi 0.9. Chipu nzima kabisa hiyo, si feki.

Sasa utasema, nitajuaje kilichomo ndani wakati kampuni inaficha mchoro wa transista zake? Swali hilo ni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Intel walianzisha kitu kinachoitwa IBIS, toleo la kwanza likatoka 1993. Badala ya mchoro wa ndani unapewa majedwali: pini ikiwa juu inatoa mkondo kiasi gani kwa kila volti, ikiwa chini inameza kiasi gani, diodi za kinga zinaanza kushika wapi, inapanda na kushuka kwa kasi gani, na kepasitansi yake ni ipi. Ni kama mama muuza ndizi wa hapa sokoni. Huhitaji kujua shamba lake liko Masama ya wapi wala alimlipa nani. Unahitaji kujua mkungu mmoja bei gani, kumi bei gani, na akiona umeshika hela anabadilika haraka kiasi gani (wanabadilika haraka sana, niamini).

Wengine husema hayo ni mambo ya ubao wa kompyuta kubwa. Si kweli. Tuseme unapeleka mapigo kwenye kihisio cha maji ya mfongo, kwa waya wa mtandao wa mita 3 tu. Mawimbi yanakwenda kama sentimita 20 kwa nanosekunde, yaani nanosekunde 15 kwenda na 15 kurudi. Kama pini inapanda kwa nanosekunde 5, imeshamaliza kupanda kitambo wakati mwangwi unarudi. Volti inaruka juu, inadunda, na kule mwisho pigo moja linaweza kuhesabiwa mawili. Dawa ni rezista moja karibu na pini. Ya ohm ngapi? Waya wa mtandao ni ohm 100, utoe ukinzani wa pini yenyewe. Hapo ndipo mwenye chanzo safi anapokwama, maana kwake pini ni sifuri.

Na kuupima ni kazi ya mita ya kawaida. Weka pini juu, funga rezista ya ohm 220 kwenda graundi, soma volti. Ukipata 4.5, mkondo ni kama miliampia 20, iliyopotea ni nusu volti, kwa hiyo pini ni kama ohm 25. Inabaki 75, ya 68 au 82 itafaa. Rudia kwa 470 na kwa 1k, kisha pini ikiwa chini na rezista ikienda kwenye volti 5, umeshaanza jedwali lako. Usiende chini ya 220, miliampia 40 ndiyo mwisho wa pini hiyo kabla ya kuidhuru.

Kasi mita haikuonyeshi, hiyo ni kazi ya osiloskopu, na najua foleni yake. Lakini mchana mmoja wa maabara unatosha darasa zima la mwaka wa tatu kupima pini moja kwa kila kundi. Ningefuta hata praktiko moja ya lango la NAND ili hii ipate nafasi. Lango la NAND tumelipima kila mwaka na jibu halijawahi kubadilika.