Nani Kapiga? Ilani ya Wapigaji wa Deiwaka wa Kivukoni

Sisi wapigaji wa deiwaka wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, tuliokutana hapa Kivukoni kando ya mto, leo tunaanzisha umoja wetu. Sisi ndio tunaopigiwa simu jioni ili tuwe studio asubuhi. Tunapiga besi kwenye wimbo wa injili, kinanda kwenye bongo fleva, tumba kwenye harusi ya Lupiro, kisha tunapewa nauli tunarudi nyumbani. Wimbo unabaki. Unapigwa redioni, kwenye basi la Dar, kwenye simu ya mtoto wa jirani, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba tulikuwepo.

Ninayeandika kwa niaba ya wenzangu ni mpiga fidla ya umeme. Swali linalofuata nalijua: fidla, Ifakara? Ndiyo. Nilianzia kwaya, kwenye fidla ya mbao iliyoachwa na padri mmoja aliyerudi kwao Uswisi. Nyuzi zake mbili zilikuwa zimekatika, kwa hiyo kwa muda mrefu nilijua nusu tu ya fidla. Masika yakija, mto ukipanda hadi mashambani, unyevu ulikuwa unalegeza nywele za uta na kuvimbisha vigingi hadi havizunguki. Ya umeme niliinunua baadaye, kwa mpunga wa misimu miwili. Haina tumbo. Ni ubao mwembamba wenye nyuzi nne, na kwenye daraja lake, kile kijiti kinachoinua nyuzi, kimefichwa kidude kinachogeuza mtetemo kuwa umeme. Ukiipiga bila kuichomeka, inalia kama mbu ndani ya chandarua. Ichomeke, nayo inasimama bega kwa bega na ngoma za sangula na spika za harusi, bila ule mluzi unaotokea ukiisogezea maiki fidla ya mbao. Nimeipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa jasho langu.

Miaka michache iliyopita niliitwa studio moja. Wimbo ulikuwa tayari, ila hauna mwanzo. Prodyuza akaniambia, "Weka kitu hapo." Umeme ulikuwa umekatika, tukakaa nje tangu asubuhi hadi alasiri tukiungoja. Uliporudi nikapiga mara tatu, na ile ya tatu ndiyo iliyochukuliwa. Sikupewa noti za muziki wala sikuelekezwa. Mwanzo ule niliutunga nikiwa nimesimama, hedifoni sikio moja. Nikapewa elfu ishirini na soda. Mwaka uliofuata bibi harusi mmoja kule Minepa aliingia ukumbini kwa mwanzo ule ule, ukumbi mzima ukasimama, vigelegele juu. Mama yangu, aliyekuwa kwenye viti vya nyuma, akaniinamia akauliza, "Si wewe huyo, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo, mama. Ila sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha mtu mwingine.

Mkoa wetu wa Morogoro haukuwa hivi. Huku ndiko zilikotoka Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na wapo wazee hapa Kivukoni ambao hadi leo watakutajia nani alipiga solo na nani alishika rizimu. Waimbaji wa dansi walikuwa wakiwaita wapigaji kwa majina ndani ya wimbo wenyewe. Na bendi ilikuwa ajira: NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwalipa wanamuziki wake mshahara. Bendi za namna hiyo zilipodhoofika na biti za kompyuta zikaingia, mpigaji akabaki kibarua wa siku. Hatuichukii kompyuta. Tunasema tu kwamba mshahara uliondoka, na hakuna kilichokuja kukaa mahali pake.

Na usahaulifu haukuanza jana. Mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert akamwandikia Wasifu. Waliokuwa naye katika kundi lake, Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Mbaruk na Maalim Shaaban, ni wangapi kati yetu wanaowataja leo? Sisi tunawataja hapa, kwa sababu ni wazee wetu katika kazi hii.

Mbali na hapa, Uingereza, mpiga fidla Bobby Valentino alikodiwa kupiga kwenye wimbo "Young at Heart" wa The Bluebells, uliotoka 1984. Wimbo ule ulirudi 1993 ukashika nafasi ya kwanza kule kwao. Valentino alikwenda mahakamani kusema kwamba kipande cha fidla alikitunga yeye. Mwaka 2002 akashinda, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo: akahesabiwa kuwa mmoja wa watunzi. Niliposoma habari hiyo nililia, na sioni aibu kusema hivyo.

Tanzania nasi tunayo sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, Zanzibar wana yao ya 2003, na Mkataba wa Roma wa 1961 ulikuwa umeshamtambua mpigaji kabla wengi wetu hatujazaliwa. Hilo neno hakishiriki limewekwa kwa ajili ya mtu kama mimi: aliyeimba, aliyepiga, hata kama wimbo si wake. Wengi wetu tumeishi na neno hilo miaka yote bila kujua kwamba linatuhusu. Lawama hiyo ni yetu wenyewe.

Basi tunatangaza. Kuanzia leo, hakuna mwanachama atakayeingiza sauti studio kabla karatasi haijaandikwa: wimbo gani, tarehe gani, nani kapiga chombo gani, kalipwa nini. Anayetunga kipande papo hapo atajwe kuwa amekitunga, na mgao wake ujadiliwe kabla ya wimbo kutoka. Ukishapendwa na watu, hakuna anayesikiliza. Saa za kungoja umeme ni saa za kazi. Kidatu, kaskazini mwa bonde hili, kuna mitambo ya megawati 204, na bado tunangoja umeme; iwapo lazima tungoje, basi tungoje kwa malipo.

"Utajulikana" si malipo. Hili tunalisema kwa heshima zote kwa maprodyuza, ambao wengi ni marafiki zetu na wanahangaika na kodi ya chumba kama sisi. Tuje tukae pamoja. Hatuombi kutajirika kwa wimbo wa mtu.

Kwa upande wetu tutafika kwa wakati, tukiwa tumeujifunza wimbo. Hatutavunjiana bei. Mwenzetu akiugua, aliyepata kazi yake atamgawia. Na kila mmoja atafundisha angalau kijana mmoja, bure. Mimi tayari ninaye binti wa hapa hapa, anajifunza kwa ile fidla ya mbao, sasa ina nyuzi zote nne.

Tumechagua Kivukoni kwa sababu sote tumepita hapa. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018, tulivuka kwa pantoni na spika zetu tukiwa tumezifunika turubai, na tukichelewa kivuko cha mwisho tulilala upande wa pili, chombo kifuani.

Daftari la umoja limeshanunuliwa, kaunta buku, na ukurasa wa kwanza umepigwa mistari. Jumapili baada ya misa tutakuwa chini ya miembe, upande wa Ifakara. Njoo na chombo chako, na uje na orodha ya nyimbo zote unazokumbuka kwamba umepiga, hata zile za zamani, hata kama aliyekulipa ameshasahau.