Mjamzito na visigino safarini

Sisi tulioko Shakopee, Minnesota, tuna ugonjwa mmoja: lazima wanaotupokea Dar es Salaam waone tumetoka Marekani. Basi hata dada mwenye mimba ya miezi sita anapanda ndege na visigino virefu! Kutoka Minneapolis hadi Amsterdam ni karibu saa nane, halafu kutembea Schiphol, halafu ndege nyingine. Mimba huvimbisha miguu na kulegeza viungo. Kuanguka ni rahisi.

Hatusemi avae kandambili. Raba za kupendeza zipo, na Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye viatu. Kina dada, nunueni jioni, miguu ikiwa imeshavimba: zilizo pana mbele, zenye soli isiyoteleza, zisizo na kamba, maana kuinama ni kazi. Shangazi akinuna pale uwanjani kwa kuona raba, mpeni begi abebe.