Mlinzi wa Jadi na Hukumu ya Shairi

Mlinzi wa jadi amekuwa mtu wa kuchekwa katika vyumba vya masomo. Akitaja vina na mizani, huambiwa kwamba amechelewa kuzaliwa. Akilaumu siasa za zama hizi, huambiwa kwamba anatamani enzi ya masultani. Akikitilia shaka chombo kipya, huambiwa kwamba anaogopa maendeleo. Kicheko ni chepesi kuliko hoja, kwa hiyo hupendwa zaidi. Lakini kicheko si ushahidi, na ushahidi uliopo hauwafai wachekaji.

Yasemwa kwanza kwamba mtu anayeshika sheria za zamani hana nafasi katika ulimwengu mpya. Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na kitabu hicho ni ngao ya walinzi wa jadi hata leo. Mtu huyo huyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, mwaka 1960, kisha akawa waziri katika serikali ya Tanganyika huru kabla ya kufariki mwaka 1964. Sheria za beti hazikumzuia kushika kazi za dola changa.

Yasemwa tena kwamba umbo la kale huzaa fikra za utii. Abdilatif Abdalla aliandika waraka wa siasa, Kenya: Twendapi?, mwaka 1968, akafungwa tangu 1969 hata 1972. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni, na tungo hizo zikatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Alitunga kwa vina na mizani. Anayesema kwamba mizani ni gereza hajamwuliza mtu aliyetoka gerezani.

Kiini cha shauri hili si hesabu. Ni kweli kwamba shairi lililozoeleka lina mishororo 4 katika ubeti, na kila mshororo una mizani 16, yaani 64 kwa jumla. Lakini sheria iliyo wazi ni haki ya msikilizaji kabla ya kuwa mzigo wa mtunzi. Mvuvi asiyejua kusoma aweza kumshika malenga mashuhuri kwa kina kimoja kilichoanguka, na malenga hana budi kutahayari. Tena sheria hiyo ni ghala. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Beti zake zilikaa vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipozikusanya mwishoni mwa karne ya 19, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Neno likidondoka katika mshororo, mizani hupungua, na sikio hujua kwamba kuna kitu kimepotea.

Wanamabadiliko hawakuwa wajinga, wala haifai kuwatukana. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, walileta vipaji pamoja na hoja nzito: kwamba nyimbo nyingi za Kiafrika hazikujua vina hivi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu. Nyimbo hizo zilikuwa na ngoma, kiitikio na waitikiaji. Mwimbaji alipokosea, miguu ya wachezaji ilimwumbua. Shairi huru la kitabuni liliacha vina bila kuchukua ngoma. Basi hukumu ikahama barazani, ikaingia chuoni. Mwenye shahada akawa ndiye ajuaye shairi zuri, na mvuvi akaambiwa kwamba hakuelewa. Jambo la umma likawa la wachache, na likafanywa hivyo kwa jina la ukombozi.

Hata hivyo mlinzi wa jadi naye ana deni. Kwa miaka mingi amehesabu mizani kana kwamba hesabu ndiyo ushairi, akazisifu beti zilizotimia 64 bila wazo hata moja. Sasa adhabu yake imefika. Akili mnemba hupanga vina kwa sekunde chache, na siku itakapohesabu bila kosa, yule aliyejivunia hesabu peke yake atakuwa hana la kulinda. Litakalobaki ni lile lililokuwa kuu tangu awali: mtu anayejulikana kwa jina, anayesimama mbele ya wenziwe kwa neno lake, akajibiwa, akashinda au akakiri kushindwa. Mashine haitahayari kwa kina kilichoanguka. Wala hakuna mashine iliyofungwa kwa sababu ya waraka wake.

Mwanafunzi anayetaka kucheka na afanye kwanza jambo dogo. Achukue shairi lake, liwe la vina au lisiwe, aliache daftari chuoni, aende akalighani barazani mbele ya watu wasiomwogopa. Wakilidaka na kulirudia, amewashinda walinzi wa jadi kwa haki. Wakinyamaza, asiseme kwamba hawakusoma. Arudi akatunge upya.