Siku Moja ya Ziada Mlimani



Sisi watoto wa Unguja tunaoishi Mgololo, huku kwenye kiwanda cha karatasi na misitu ya misonobari, tunachangishana pesa tukapande Kilimanjaro. Kila Jumapili tunapanda na kushuka vilima, na miguu imeanza kukaza. Lakini kikao cha mwisho kilikuwa na mabishano: twende kwa siku tano au sita? Wengi walitaka tano. Ada za hifadhi hulipwa kwa siku, kwa hiyo siku moja ikipungua, pesa inabaki mfukoni.

Sisi tuliobaki upande wa pili tunasema, bora tuchelewe kuliko kuipunguza siku hiyo.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na kila pumzi ya huko ina karibu nusu tu ya oksijeni tunayoipata tukikaa Forodhani. Vilima vya Mgololo vinatupa miguu, havitupi mazoea ya hewa hiyo. Hata Mlima Rungwe, tunaotaka kuupanda kwa mazoezi, una karibu mita 3,000 tu. Kwa njia ya Marangu, usiku wa pili tu mtu analala Horombo, mita 3,700 hivi, na baada ya hapo ni Kibo, mita 4,700. Siku ya ziada ni ya kukaa Horombo: mchana unapanda kidogo, unarudi kulala palepale, mwili unazoea.

Na tuambiane ukweli, wanawake tumezoea kuficha maumivu. Mlimani usifiche. Kichwa kikiuma na ukihisi kichefuchefu, mwambie mwongozo. Ukianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema hali umekaa, ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Wenye presha, pumu au mimba wamwone daktari kabla ya kutoa mchango.

Kwa nguo, sisi mafundi cherehani tuna la kusema. Pamba ni rafiki yetu wa pwani, lakini mlimani hushika jasho, na jasho likipoa na wewe unapoa. Tunashona mitandio ya kitambaa kizito cha masweta, isiyo na ncha za kupepea, na kanzu za kuishia magotini juu ya suruali pana, ili tusijikanyage. Stara inabaki palepale.

Sala tutazikusanya na kuzipunguza kama wasafiri. Maji yakiwa ya kudhuru kwa baridi, tayammum ipo. Dini iliyotupa wepesi huo haitutaki tujiumize ili tuonekane hodari. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali.

Basi mchango ukichelewa hadi kiangazi kijacho, na uchelewe. Kibo haihami. Tunachotaka ni wote tuliopanda turudi nyumbani kwa watoto wetu, waliofika kileleni na walioishia njiani, inshallah.