Mapambo ya Moroto na Daftari la Hesabu



Wahenga walisema, “Chanda chema huvikwa pete.” Sisi hupenda kumsifu aliyevaa pete, lakini ni mara chache tuulizapo yule aliyeitengeneza amepata nini. Leo nataka kusema juu ya mwanamke aanzishaye biashara ya mapambo katika mji ulio mbali, kama vile Moroto, kule Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Maoni yangu ni haya: kazi yake yastahili heshima sawa na kazi ya ofisini, wala si umbali uiangushao. Huangushwa na desturi ya kuuza kazi ya mikono bila kuihesabu.

Wako wasemao ya kuwa kutunga ushanga ni mchezo wa wasichana. Hao hawaijui Karamoja. Huko wanaume kwa wanawake huvaa ushanga, na fundi mzuri hujulikana. Wengine husema Moroto ni mbali mno. Ni kweli, toka Kampala ni zaidi ya kilomita 400, na katika siku za ukoloni mgeni hakuweza kuingia Karamoja bila kibali. Lakini tufikiri kidogo. Gunia la mahindi ni zito na bei yake ni ndogo, kwa hiyo nauli huila faida yote. Bangili hamsini huingia katika mfuko mmoja mdogo, na basi huzichukua kwa fedha kidogo. Tena tangu mwaka 2009 watu wa Uganda hutumiana fedha kwa simu, hata mnunuzi aliye Kampala aweza kulipa siku ile ile. Basi kwa mji wa mbali, bidhaa nyepesi yenye thamani ndiyo ifaayo.

Shida iko mahali pengine. Shanga za kioo hazichimbwi katika mlima Moroto. Tangu karne ya 19 nyingi zilizouzwa Afrika zilitoka Jablonec, katika nchi iitwayo leo Cheki, na siku hizi nyingine hutoka China na India. Kila pakiti hununuliwa kwa fedha taslimu, na kila mfanya biashara aliyeishika njiani amekwisha kuongeza chake. Mama huyu huikumbuka sana fedha hiyo, kwa kuwa imetoka mkononi mwake. Saa zake hazikumbuki, maana hakuna aliyemlipisha.

Tuchukue mfano. Tuseme shanga za bangili moja ni shilingi 3,000, uzi na kifungo 500, na sehemu yake ya nauli 500. Jumla ni 4,000. Ameitunga kwa saa tatu, kisha akaiuza 5,000, akafurahi kupata faida ya 1,000. Kumbe amefanya kazi kwa shilingi 333 tu kila saa! Kama angeihesabu saa moja kuwa shilingi 1,500, bei ingekuwa 8,500.

Huenda msomaji akasema, “Kwa bei hiyo nani Moroto atanunua?” Swali ni jema. Jibu langu ni kwamba afanye bidhaa za namna mbili. Kwa majirani atunge zilizo rahisi, zichukuazo nusu saa. Zile za ufundi mwingi aziweke kwa wageni waendao Hifadhi ya Kidepo, na kwa wanunuzi wa mijini. Na kama hata hivyo bei hailipi, ni afadhali aambiwe na daftari mwezi wa kwanza kuliko kuambiwa na kopo tupu mwezi wa sita.

Tena daftari lina kazi nyingine. Mtoto akiugua, fedha hutoka katika kopo lile lile la shanga. Shangazi akija, huchukua kidani na kusema atalipa baadaye. Mambo hayo si mabaya, ndiyo maisha ya jamaa. Lakini yasipoandikwa, mama hudhani biashara imekufa kwa bahati mbaya, kumbe imeliwa kidogo kidogo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenzangu wanafunzi, sisi twajifunza hesabu kila siku, kisha tukifika nyumbani twaziacha katika mfuko wa vitabu. Likizo ijayo, aliye na mama, dada au shangazi afanyaye kazi ya mikono, na achukue daftari moja, apige mistari minne: vifaa, nauli, saa, bei. Aandike pamoja naye, kwa adabu, bila kujifanya mwalimu. Kwa wengi wetu karo ya shule yatoka katika mikono hiyo. Yatupasa tujue imeuzwa kwa bei gani.